Kijiji cha Kiwanda Kinaishia Wapi? Vichinjio vya Punda na Haki ya Kukataa



Kila panapotangazwa mpango wa kujenga kiwanda cha nyama mashambani, mjadala hufuata njia ileile. Mwekezaji hutaja ajira, serikali hutaja fedha za kigeni, na wenyeji wanaokataa hubandikwa jina la wapinga maendeleo. Jioni hii nimekuja kuwatetea hao wanaokataa, tena kwa kutumia kisa ambacho wengi wetu tulikisoma magazetini tukacheka kidogo na kufungua ukurasa wa michezo: vichinjio vya punda vilivyoanza kazi Kenya mwaka 2016, Mogotio katika Kaunti ya Baringo na Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, kisha vikafuatwa na vingine Turkana na Machakos. Nadai kwamba waliovipinga walikuwa wamepiga hesabu sahihi kuliko wizara iliyoviruhusu. Nadai pia kwamba hesabu yao haikusikika mapema kwa sababu taratibu zetu za leseni humtafuta jirani wa kiwanda karibu na uzio, ilhali kiwanda cha nyama hujilisha mbali sana na uzio wake.

Kenya iliruhusu uchinjaji wa punda kibiashara mwaka 2012. Wakenya wenyewe hawakuwa wamezoea kula nyama hiyo. Waislamu wameharamishiwa, na jamii nyingine nyingi zinaiona kinyaa. Soko lilikuwa China, na ingawa jengo liliitwa kichinjio na mkaguzi alipiga muhuri wake kwenye nyama, faida ilikuwa kwenye ngozi. Ngozi ya punda huchemshwa ikatoa utomvu mzito uitwao ejiao, dawa ya jadi inayohusishwa hasa na wilaya ya Dong'e katika jimbo la Shandong, ambayo kwa karne nyingi iliaminiwa kuongeza damu na siku hizi hutiwa hata kwenye vitafunio na vipodozi. Kipato cha tabaka la kati la China kilipopanda, hamu ya ejiao ilipanda nacho. Punda wa China, waliokuwa takriban milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990, walishuka hadi chini ya milioni 3. Trekta na pikipiki zilichangia kuwapunguza, kwa kuwa mkulima wa huko hakuwahitaji tena kama zamani, lakini mahitaji ya ngozi hayakuacha waliobaki waongezeke. Wanunuzi wakageukia Afrika, bara ambako punda alifugwa kwa mara ya kwanza miaka elfu kadhaa iliyopita na ambako hadi leo bado ana kazi.

Neno kazi ndilo la kushikilia hapa. Ng'ombe wa mfugaji wa Kajiado ni maziwa, ni mahari, ni akiba, na pia ni nyama. Kuuzwa kwenda kuchinjwa ni sehemu ya maisha aliyopangiwa tangu azaliwe. Ndiyo maana Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa Athi River mwaka 1950, pamoja na matatizo yake yote ya uongozi na madeni, haijawahi kutishia kuwamaliza ng'ombe wa nchi. Kundi la ng'ombe hujengwa kwa nia ya kupunguzwa. Punda hakufugwa hivyo. Familia huwa na mmoja au wawili, watatu ikiwa na bahati, na thamani ya kila mmoja hulipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi kupitia safari za mtoni, sokoni, kwenye mashine ya kusaga na kituo cha kukusanyia maziwa. Punda mmoja hubeba madumu manne ya lita 20. Mama anayebeba maji mgongoni hubeba moja. Ondoa punda kwenye boma lile, na maji yaleyale yatahitaji safari nne za binadamu mahali pa moja. Hesabu hii haimo kwenye kitabu chochote cha mapato ya taifa, kwa kuwa safari za mama mwenye dumu hazina risiti.

Sasa tuitazame hesabu ya uzazi, maana hapo ndipo pendekezo zima lilipoanguka. Punda jike hubeba mimba kwa takriban miezi kumi na miwili, wakati mwingine hadi kumi na minne, na huzaa mtoto mmoja. Huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza, na akiwa anafanya kazi kutwa kwa lishe ya kubahatisha, hazai kila mwaka. Tuchukue kiwanda cha kufikirika kinachochinja punda 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hao ni 30,000. Tukijifanya kwamba kila jike huzaa mara moja katika miaka miwili na kwamba hakuna mtoto anayekufa, jambo ambalo halijapata kutokea katika zizi lolote, kiwanda hicho kimoja kitahitaji majike 60,000 yanayozaa, mbali na madume na watoto wanaosubiri kukua. Mtaji wa namna hiyo hakuna mwekezaji aliyeuleta. Vichinjio vilijengwa bila mashamba ya kuzalisha. Vilikuwa machimbo: vilikuja kuchota kilichokuwapo tayari, kilichokuzwa na watu wengine kwa shughuli nyingine.

Ushahidi haukuchelewa. Ripoti ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, KALRO, iliyotolewa mwaka 2019, ilionyesha kuwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 punda zaidi ya 300,000 walichinjwa, sawa na asilimia 15.4 ya punda wote wa nchi. Kasi ya kuchinja iliizidi kasi ya kuongezeka kwao takriban mara tano, na watafiti walionya kwamba mambo yakiendelea vile punda wa Kenya wangeweza kwisha ifikapo mwaka 2023. Sensa ya mwaka 2009 ilikuwa imehesabu punda milioni 1.8. Ya mwaka 2019 ilikuta kama milioni 1.2.

Kabla ya ripoti hiyo, wenye punda walikuwa wameshaona. Bei ilipanda zaidi ya maradufu, na palipo na bei wezi hawakosekani. Mikokoteni ililala asubuhi bila mnyama wa kuikokota. Mizoga iliyochunwa ngozi na kuachwa na nyama yake ilikutwa vichakani, jambo linalosema wazi zaidi ya takwimu ni bidhaa gani iliyokuwa ikitafutwa. Wanyama walisafirishwa kutoka kaunti za mbali, na wengine walivushwa mipaka kutoka nchi jirani. Mtu wa Pokot au Turkana aliyeibiwa punda hakuwa amewahi kuona geti la Mogotio wala la Naivasha, na hakuna aliyemwita kwenye baraza kumwuliza kama analitaka.

Hapa ndipo napata hoja yangu kuu, na naomba mnivumilie nikae nayo kidogo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, inautaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa misingi ya utawala. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inataka tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa kuanza. Ni sheria nzuri. Lakini zikifika uwanjani, zinageuka kuwa maswali kuhusu harufu, maji machafu, inzi, barabara na shimo la taka. Maswali hayo yana uzito, na wakazi wanaoishi karibu na kichinjio wana kila haki ya kuyauliza. Hata hivyo yanamhusu yule anayepata madhara ya kinachotoka kiwandani. Hayamgusi anayeumizwa na kinachoingia. Jirani wa ukutani huenda akapata kibarua, akapangisha chumba, akauza chai kwa madereva wa malori; anapoteza hewa safi lakini anapata kitu. Mwenye punda aliye kilomita mia tatu kutoka hapo hanusi chochote na hapati chochote. Anaamka tu akikuta kamba imekatwa. Ukiita mkutano wa hadhara karibu na uzio pekee, umewaalika wenye sababu ya kusita na wenye sababu ya kukubali, ukamwacha nje mwenye sababu ya kukataa. Kisha muhtasari unaandikwa kwamba wananchi waliridhia.

Kwa hiyo mipaka ya kijiji cha kiwanda ichorwe mahali lori lake linapofika. Kiwanda cha kusindika nyama ya kuku wanaofugwa kwa mkataba kina kijiji kidogo. Kichinjio kinachonunua mnyama wa kazi kutoka kila soko la nchi kina kijiji kikubwa kama nchi.

Yapo mapingamizi, na mengine ni mazito. La kwanza ni la mali. Punda ni wa mwenyewe. Akitaka kumuuza auze, na aliyepata bei nzuri baada ya miaka ya kudharauliwa na madalali hapaswi kuonewa wivu. Nakubali nusu ya hoja hii. Aliyemuuza punda mzee mwaka 2016 alinufaika kweli. Lakini bei iliyompandisha muuzaji ndiyo iliyomfungia mlango wa kununua tena, na katika familia nyingi anayeamua kuuza siye anayechota maji. Fedha huingia mkono mmoja, mzigo huhamia mgongo mwingine. Haki ya kuuza inalindwa na soko lenye wauzaji wa hiari. Soko ambalo sehemu ya bidhaa yake imeibwa usiku limekwisha kuivunja haki hiyohiyo ya mali linayojidai kuitetea.

Pingamizi la pili ni la ajira, na hili wanasiasa hulipenda. Kazi zilikuwapo, na waliozipoteza walipofungiwa waliumia. Kuwabeza ni ukatili. Ila kazi ya kichinjio ni ile inayohesabika kwa orodha ya mishahara, na kazi iliyokuwa ikifanywa na punda laki tatu haikuandikwa kwenye orodha yoyote. Mwenye mkokoteni wa kuuza maji mjini naye ni mwajiriwa, wa kujiajiri. Anayetaka kulinganisha alinganishe pande zote mbili.

La tatu ni la ufugaji: kwamba badala ya kupiga marufuku, serikali ingehimiza mashamba ya punda. China yenyewe, yenye fedha, wataalamu na soko mlangoni, imejaribu kuzalisha punda kwa wingi na bado inategemea ngozi za nje. Anayeamini kwamba Baringo itaweza haraka zaidi aanze na mashamba, kichinjio kifuate. Hakuna sheria iliyomzuia.

La nne ndilo linalonisumbua zaidi. Husemwa kwamba upinzani huu ulikuwa mwiko uliovishwa joho la uchumi, tena uliochanganyika na chuki dhidi ya Wachina. Mfano unaotolewa ni Bishoftu, Ethiopia, ambako kichinjio cha punda kilifunguliwa Aprili 2017 na kufungwa na mamlaka ya mji ndani ya wiki chache kutokana na hasira za wakazi, katika nchi ambako Wakristo wa Kiorthodoksi na Waislamu kwa pamoja hawali punda. Ni kweli kwamba mwiko ulikuwa na nguvu pale. Ni kweli pia kwamba maneno mabaya dhidi ya wageni yalisikika katika mjadala wa kanda nzima, na maneno hayo yanastahili kulaaniwa. Leseni za Kenya zilitolewa na maofisa wa Kenya, na wezi waliokata kamba hawakutoka Shandong. Lakini Ethiopia ni nchi yenye punda wengi kuliko nyingine yoyote duniani, na uchumi wa wakulima wake umekaa juu ya mgongo wa mnyama huyo. Jamii ikimtenga mnyama wa kazi na chungu, huenda inalinda kwa lugha ya dini kile ambacho mchumi angekilinda kwa jedwali. Na hata ukiufuta mwiko wote, takwimu za KALRO zinabaki palepale.

Mwisho kuna wanaosema marufuku hupeleka biashara gizani. Hilo limetokea, ngozi zinaendelea kuvushwa kwa magendo. Nasisitiza tu kwamba kichinjio halali kilikuwa kimetoa mwanga wa aina mbaya, kwani mnyama asiye na alama wala hati akipita getini anatoka na cheti. Polisi wana kazi ngumu zaidi kunapokuwa na mlango halali wa kupitishia mali haramu.

Serikali zetu ziliyumba. Tanzania, yenye vichinjio Dodoma na Shinyanga, ilifunga mwaka 2017, ikalegeza, ikafunga tena. Kenya ilipiga marufuku Februari 2020 baada ya wenye punda kuandamana hadi wizarani Nairobi, na Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021 kwa ombi la kichinjio kimoja. Mkutano wa bara zima kuhusu punda ulifanyika Dar es Salaam Desemba 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, waliafikiana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Watu waliokuwa wameitwa wapinga maendeleo katika vijiji vya Bonde la Ufa walikuwa wamefika kwenye uamuzi huo miaka kadhaa mapema.

Azimio la wakuu wa nchi bado linahitaji sheria za ndani, na kesho atakuja mwekezaji mwingine na mnyama mwingine. Nawaomba wabunge na mawaziri wa kaunti waliopo ukumbini waongeze sharti moja katika kanuni za leseni za vichinjio: mwombaji aonyeshe kwa maandishi wanyama wake watatoka wapi, wangapi kwa siku, na kwamba huko wanakotoka huzaliwa wengi kuliko atakaowachinja, na mabaraza yafanywe huko wanakotoka kabla ya kufanywa kiwandani. Asiyeweza kuonyesha hayo asipewe leseni.