Umegongwa, na Aliyekugonga Hana Bima

Mada kwa wasaidizi wa kisheria na viongozi wa vijiwe vya bodaboda



Niliombwa nizungumzie bima ya vyombo vya moto. Nikaomba ruhusa nizungumzie pale bima isipokuwepo, maana mwenye bima ana kampuni ya kumwandikia barua na mdhibiti wa kumlalamikia. Aliyegongwa na pikipiki isiyo na bima huja kwetu na vyuma mguuni, risiti za dawa kwenye mfuko wa rambo, na namba ya simu ya dereva ambayo haipatikani tena.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza chombo cha moto kutumika barabarani bila angalau ile bima ya mtu wa tatu, ambayo mtaani tunaiita bima ndogo. Asiyekuwa nayo ametenda kosa la jinai. Ila faini atakayotozwa inaingia Serikalini, haimfikii aliyevunjika mguu. Na sheria hiyo haikuunda mfuko wa kumlipa majeruhi pale ambapo hakuna kampuni ya kudai. Kwa hiyo utamdai mtu. Kazi yetu yote leo ni kujua mtu huyo ni nani, na tutambana kwa karatasi gani.

Kwanza kabisa, msimwamini dereva anaposema chombo hakina bima. Mara nyingi hajui. Bima hukatwa na mwenye chombo, na kama pikipiki ilinunuliwa kwa mkopo, huenda aliyekopesha ndiye aliyesimamia bima na kuijumlisha kwenye marejesho. Chukueni namba ya usajili, mkahakiki stika kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Angalieni tarehe ya kuanza na ya kuisha, mzilinganishe na siku na saa ya ajali. Kinyume chake nacho hutokea: stika ipo kiooni lakini kwenye mfumo hakuna kitu, au bima ilikatwa jioni ilhali ajali ilikuwa asubuhi. Tangu Sheria ya Bima ya mwaka 2009, msingi ni kwamba bila kulipa ada hakuna bima, kwa hiyo ahadi ya "nitamalizia wiki ijayo" haimkingi mtu. Yupo pia mwenye pikipiki aliyeikatia bima ya matumizi binafsi, kisha akaiweka kijiweni ibebe abiria. Kampuni ikiligundua hilo, tarajieni barua ya kukataa kulipa. Msiipokee kama hukumu. Mpelekeeni wakili aisome pamoja na bima yenyewe.

Majeruhi apelekwe hospitali, na wakati huohuo ndugu mmoja akimbilie kituo cha polisi kuchukua PF3. Hilo mnalijua. Linalosahaulika ni kutoa nakala ya PF3 baada ya daktari kuijaza, kabla haijarudi kituoni. Baadaye mtahitaji pia ramani ya eneo la ajali, PF 93 ya ukaguzi wa chombo na PF 90 ya matokeo ya upelelezi. Kama trafiki hakufika, au mlikwisha kuondoka eneo la tukio, nendeni kituoni siku hiyohiyo mkaandikishe. Ajali isiyo na namba ya jalada inabaki kuwa hadithi.

Sasa nije kwenye jambo linaloua madai mengi kuliko sheria yoyote: kuyamaliza.

Siku ya pili au ya tatu, ndugu wa dereva wanakuja hospitali. Wana juisi, wana matunda, wana mzee mmoja mwenye maneno mazuri. Wanasema kijana ni wao, ana watoto, akifungwa watateseka. Wanatoa fedha za dawa na kuomba mgonjwa asaini karatasi ndogo kwamba ameridhika na hana madai. Mgonjwa ana maumivu, bili inapanda, anasaini. Wiki sita baadaye picha ya eksirei inaonyesha mfupa haujaunga, inatakiwa operesheni nyingine, na ile karatasi sasa imo mikononi mwa wakili wa upande wa pili.

Sisemi watu wasipatane. Utamaduni wetu wa kukaa na kuzungumza umeokoa wengi na gharama za mahakama, na dereva asiye na bima mara nyingi ni maskini kama aliyemgonga. Ninachotaka muwaambie watu ni kwamba fedha ya dawa ipokelewe, na karatasi iandikwe hivyo: "Nimepokea kiasi hiki kwa ajili ya matibabu ya awali, madai mengine yanabaki." Isainiwe na pande zote mbili mbele ya mashahidi, mwenyekiti wa mtaa akiwemo ikiwezekana. Mapatano ya mwisho yasubiri daktari aseme mgonjwa amepona kiasi gani, na kama kuna ulemavu wa kudumu, ni wa asilimia ngapi. Anayekataa kuandika neno "awali" amekwisha kukuonyesha nia yake.

Kuyamaliza kuna sura ya pili, nayo iko polisi. Pande mbili zikikubaliana, jalada hukauka. Majeruhi wengi hawaoni hasara yake, kwa kuwa wanaamini kesi ya trafiki haiwahusu. Inawahusu sana. Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi usiopingika kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa hilo. Maana yake, dereva akikiri kuendesha kizembe na kulipa faini, hawezi kuja kwenye kesi ya madai kusema uliruka barabarani mwenyewe. Mahakama ya jinai pia ina mamlaka ya kuamuru fidia kwa aliyeumizwa inapomtia mtu hatiani, kwa hiyo mwendesha mashtaka aombwe alikumbushe hilo siku ya hukumu. Lakini kanuni hiyohiyo ya ushahidi inamlinda pia aliyeachiwa huru. Shahidi asipofika na kesi ikaanguka kwa mshtakiwa kuonekana hana hatia, mlango wa madai unakuwa mwembamba mno. Majeruhi aitwe, aende, hata kwa magongo.

Sasa tuzungumze kuhusu tajiri.

Kijana aliyeshika usukani huenda hana hata godoro. Mwenye chombo ana nyumba, ana duka, pengine ana pikipiki nyingine nne. Sheria inamwajibisha mwajiri kwa uzembe wa mtu anayemfanyia kazi, kazi ikiwa inaendelea. Hapo ndipo matajiri wa bodaboda hujitetea kwamba huyu si mwajiriwa wangu, nilimkodishia tu, ananiletea hesabu ya siku. Na kwenye pikipiki ya mkataba, ile ambayo kijana akimaliza kulipa inakuwa yake, utetezi huo unapata nguvu zaidi. Mahakama huangalia mambo yenyewe yalivyo. Nani alipanga kiwango cha hesabu? Nani alikuwa na uwezo wa kumnyang'anya funguo? Matengenezo yalikuwa ya nani? Nani alipaswa kukata bima? Majibu hayo yapo kijiweni, kwenye vinywa vya wenzake na kwenye ujumbe wa miamala ya simu. Yakusanyeni mapema, kabla tajiri hajapita kuwasalimia.

Jina la mmiliki linatafutwa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, kwa namba ya usajili. Jihadharini, kwa sababu watu huuziana vyombo bila kubadilisha kadi, na mnaweza kumshtaki mzee aliyeuza pikipiki yake zamani. Ikibidi, waunganisheni wote watatu: dereva, aliye kwenye kadi, na anayepokea hesabu. Na kama kuna dalili kwamba chombo kinataka kuuzwa au kupelekwa mkoa mwingine, mahakama inaweza kuombwa ikizuie kabla ya hukumu. Ombi hilo lisisubiri, kwa maana pikipiki huenda ndiyo mali pekee mtakayoiona.

Kuna majeruhi wa aina mbili wanaohitaji njia tofauti. Wa kwanza ni aliyegongwa akiwa kazini: mlinzi, dereva wa kampuni, mfanyakazi aliyetumwa benki. Huyo ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao haujali aliyemgonga ana bima au hana. Taarifa itolewe haraka kupitia mwajiri, wala asikubali kuambiwa kwamba ajali ya barabarani si ya kikazi. Wa pili ni aliyegongwa na gari la Serikali. Sheria haiilazimu Serikali kukatia magari yake bima, kwa hiyo kutokuwepo kwa stika hapo si kosa. Serikali inashtakiwa kama mwajiri mwingine, ila baada ya kuipa notisi ya siku 90, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kesi iliyofunguliwa bila notisi hutupwa.

Kwa upande wa fedha, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba hasara mahsusi zitajwe moja moja na zithibitishwe. Risiti ya dawa, nauli ya kwenda kliniki, malipo ya dada wa kazi aliyekusaidia kuoga: vyote viandikwe. Mama lishe hana hati ya mshahara, lakini ana daftari la mauzo, ana miamala ya simu, ana wateja wanaoweza kutoa ushahidi. Maumivu na ulemavu mahakama itayakadiria yenyewe. Na kama mlikuwa mshikaki, yaani mmepakizana zaidi ya abiria mmoja kwenye pikipiki, au hukuvaa kofia, tegemea fidia kupunguzwa kwa sehemu yako ya uzembe.

Muda wa kufungua madai haya ni miaka mitatu tangu siku ya ajali. Inaonekana mingi hadi pale mtu anapoimaliza akisubiri ahadi.

Nchi nyingine hazikumwachia majeruhi mzigo huu peke yake. Rwanda ina mfuko maalumu wa dhamana unaolipa walioumizwa na magari yasiyo na bima au yaliyokimbia. Afrika Kusini inakata tozo kwenye mafuta. Uingereza, tangu 1946, kampuni za bima zenyewe zinachangia chombo kimoja cha pamoja. Kwetu, binafsi napendelea njia ya Rwanda. Wapo watakaosema ni dhuluma mwenye bima amlipie asiye nayo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini leo analipa majeruhi, ambaye hakukosa kabisa.

Wakati tunasubiri, viongozi wa vijiwe wana kitu cha kufanya bila kuomba kibali cha mtu. Daftari la kijiwe lina majina ya madereva na namba za pikipiki. Ongezeni safu tatu: jina na simu ya tajiri, kama chombo ni cha hesabu au cha mkataba, na tarehe ambayo bima inaisha. Katibu alipitie kila mwanzo wa mwezi, na ambaye bima yake imekwisha asipewe abiria kwenye foleni mpaka alete stika mpya.