Simu Mpya: Je, Ni Mpya Kweli?

(Mhadhara kwa vijana na wazazi, Eldoret, mwezi wa Ramadhani)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Shukrani zote ni zake Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwezi huu tukiwa wazima. Pili, nawashukuru viongozi wa vijana kwa kunipa nafasi hii baina ya Alasiri na Magharibi, wakati ambao tumbo linalalamika na kila mtu anachungulia simu kuona zimebaki dakika ngapi. Basi na tuizungumzie hiyo hiyo simu.

Mada hii ina sababu. Idd inakaribia, na katika nyumba nyingi za mji wetu kuna ubishi unaoendelea. Kijana anataka simu mpya. Mzazi anauliza, "Kwani hiyo uliyo nayo ina nini?" Kijana anajibu, "Imepitwa na wakati." Hapo mazungumzo yanakwama, kwa sababu mzazi hajui ndani ya simu mna nini, na kijana naye, tuseme ukweli, mara nyingi hajui pia. Anajua tu kwamba imetoka nyingine. Leo nataka niwape nyote wawili kitu cha kujadiliana. Swali ni moja: simu zinazotoka kila mwaka, bado zina jambo jipya, au ni kava lile lile limepakwa rangi nyingine?

MAMBO MAWILI YA MWAKA MMOJA

Turudi mwaka 2007. Mwezi wa Januari, kule Marekani, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alionyesha iPhone ya kwanza. Kioo kitupu, bila vitufe vya namba, unagusa kwa kidole. Dunia nzima ilishangaa, na kwa haki. Simu karibu zote unazoziona leo, hata ile ya bei rahisi kabisa dukani, zimefuata umbo lile.

Miezi miwili baadaye, Machi 2007, hapa Kenya kampuni ya Safaricom ikazindua M-Pesa. Hiyo haikuhitaji kioo cha kugusa. Ilikaa ndani ya laini, ikafanya kazi kwenye simu ndogo kabisa ya vitufe. Nyanya kijijini akaweza kupokea pesa kutoka kwa mjukuu aliye Nairobi bila kupanda matatu.

Sasa niambieni, kati ya hayo mawili, lipi lilibadilisha maisha ya watu wa Uasin Gishu zaidi? Sisemi iPhone si kitu. Nasema tusichanganye mambo mawili: upya wa sura na upya wa faida. Wakati mwingine vinakuja pamoja. Mara nyingi havikutani.

MULIKA MWIZI

Wazee wanaikumbuka Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003. Ilikuwa na tochi kichwani, na vitufe vilivyofunikwa ili vumbi lisiingie. Haikuwa na kamera wala intaneti. Lakini waliyoibuni walijiuliza swali la maana: mtu huyu anaishi wapi? Anaishi pahali stima inapotea, barabara ina vumbi, na usiku ni giza. Ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na ni miongoni mwa simu zilizouzwa kwa wingi kuliko zote katika historia. Sisi tukaziita simu za namna ile "mulika mwizi", na jina limebaki mpaka leo.

Kisha wakaja Wachina wa Tecno. Waliona kwamba Mwafrika anabeba laini mbili, maana kupiga simu kutoka mtandao mmoja hadi mwingine kulikuwa ghali. Wakatengeneza simu ya laini mbili mapema, wakati Nokia ilichelewa hadi mwaka 2010 ndipo ikatangaza ya kwake. Baadaye wakarekebisha kamera zao ili uso wa mtu mweusi uonekane vizuri, hata mahali penye mwanga mdogo. Leo kampuni yao, Transsion, inayomiliki Tecno, itel na Infinix, ndiyo inayoongoza kwa mauzo ya simu barani Afrika. Hawakushinda kwa kuwa na simu nzuri kuliko zote duniani. Walishinda kwa sababu walimtazama mnunuzi kabla ya kuitazama simu.

MABADILIKO YAMEHAMIA WAPI?

Baada ya 2007 kulikuwa na miaka ya moto. Kila mwaka kulikuwa na kitu ambacho kweli hakikuwako. Android ilifika sokoni mwaka 2008. Mwanzoni mwa 2011 hapa Kenya tukapata Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000, na wengi walionja intaneti ya simu kwa mara ya kwanza kupitia kile kisimu kidogo. Mwaka 2013 iPhone ikaanza kufunguliwa kwa alama ya kidole.

Halafu mwendo ukapungua. Kioo kimeshajaa uso wote wa simu, huwezi kukiongeza bila simu kushindwa kuingia mfukoni. Kamera inahitaji nafasi ili ipokee mwanga, na simu ni nyembamba. Betri bado ni za jamii ile ile ya lithiamu, zinaboreka pole pole. Wamejaribu simu za kukunja. Samsung ilitoa Galaxy Fold mwaka 2019, na Huawei ikatoa ya kukunja mara tatu mwaka 2024. Ni ufundi mkubwa, lakini bei yake ni ya kununua ng'ombe wa maziwa. Mwaka 2025 Apple ikaleta iPhone Air yenye unene wa chini ya milimita 6. Lakini mnunuzi alipata kamera moja tu nyuma, badala ya mbili au tatu. Kwa lugha nyingine, analipa zaidi apate kidogo, mradi iwe nyembamba.

Sisi watu wa Eldoret tuna kipimo kizuri. Tunajua viatu. Vilipokuja viatu vya mbio vyenye bamba la kaboni kwenye soli, kulikuwa na ubishi mkubwa, lakini saa ilikuwapo. Mwaka 2019 kule Vienna Eliud Kipchoge alikimbia masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40, ingawa haikuhesabiwa rekodi rasmi. Kiatu kina saa ya kukihukumu. Simu haina. Ndiyo maana muuzaji anaweza kukwambia "mpya" na wewe ukaitikia tu. Inabidi kila mmoja wetu awe na saa yake mwenyewe: simu hii itanifanyia nini ambacho ya zamani haifanyi?

VILIVYOONDOLEWA

Kuna upya mwingine ambao haupigiwi debe, nao ni upya wa kuondoa. Mwaka 2016 Apple waliondoa tundu la earphone, wengi wakawafuata. Kwetu jambo hili si dogo. Redio ya FM ndani ya simu nyingi hutumia ule waya wa earphone kama antena. Ukiondoa tundu, mtu anayesikiliza mawaidha ya daku kwenye redio bila bando anaanza kununua bando. Mwaka 2020 Apple wakaondoa chaja kwenye boksi, Samsung wakafuata 2021 kwa simu zao za juu. Wakasema ni kwa ajili ya mazingira. Huenda, lakini chaja sasa unainunua wewe.

Na betri je? Zamani ulifungua mgongo wa simu kwa ukucha, ukatoa betri, ukaweka nyingine, safari ikaendelea. Leo imegandishwa kwa gundi. Tuwe waadilifu: kufunga hivyo kunasaidia simu kuzuia maji, na Eldoret mvua tunaijua. Lakini betri ndiyo kiungo kinachozeeka kwanza. Ikichoka, watu wengi hudhani simu yote imekufa, kumbe kiungo kimoja tu ndicho kimechoka. Umoja wa Ulaya umeliona hilo. Tangu Juni 2025 simu mpya zinazouzwa kwao lazima betri ibaki na angalau asilimia 80 ya nguvu baada ya kuchajiwa mara 800, na vipuri vipatikane kwa miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa. Sheria hiyo haifiki Eldoret. Sheria yetu sisi ni fundi wetu pale kwenye kibanda, mwenye kipuliza moto na bisibisi ndogo. Vijana wale msiwadharau. Anayeifufua simu uliyoizika ana ubunifu kuliko aliyeibadilisha rangi.

UPYA WA MKATABA

Sasa nakuja kwenye jambo lililonisukuma hasa nizungumze. Kwetu Kenya, mabadiliko makubwa ya simu ya miaka ya karibuni hayako kwenye kioo wala kamera. Yako kwenye mkataba. Mwaka 2020 Safaricom wakishirikiana na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, shilingi 20 kwa siku. Kampuni nyingine nazo zinauza kwa mtindo huo. Ndani ya simu kuna programu ya kuifunga: usipolipa, kioo kinajifunga.

Faida ipo. Mwenda boda na mama mboga ambao hawangeweza kutoa elfu nane kwa mara moja wamepata simu, wanafanya biashara. Lakini kijana, kabla hujaweka sahihi, shika kalamu. Tuseme simu dukani ni 19,000 taslimu. Kwa mkopo unaambiwa weka 3,000, kisha 75 kwa siku, mwaka mmoja. Sabini na tano inaonekana ni bei ya chai na mandazi. Zidisha kwa siku 365: ni 27,375. Ongeza ile 3,000: ni 30,375. Umelipa 11,375 zaidi, na siku ukikosa kazi, hata namba ya mama yako huwezi kuifikia kwenye simu ambayo unaamini ni yako.

Kama mkataba fulani una riba ndani yake au ni biashara ya kuuza kwa muda, hilo si langu kulitolea hukumu. Upeleke mkataba wenyewe kwa sheikh wako akausome, usimwendee na maneno ya muuzaji. Langu ni hesabu, na hesabu haina madhehebu.

MZIGO UNAOBEBWA NA WENGINE

Na jambo moja zaidi, kwa ufupi. Ndani ya kila simu mna madini ya tantalamu, yatokayo kwenye koltani. Sehemu kubwa huchimbwa mashariki mwa Kongo, na wanaoichimba wengi wanazungumza Kiswahili hiki hiki. Machimbo ya Rubaya, Kivu ya Kaskazini, ambayo peke yake hutoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia, yaliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024. Kuitunza simu mwaka mmoja zaidi hakutamaliza vita. Lakini mtu anayetupa kitu kizima kwa sababu kimetoka kingine, na ajue kitu hicho kilichimbwa na nani.

MASWALI MATANO KABLA YA KUNUNUA

Basi wazazi na vijana, kaeni pamoja baada ya futari mjiulize haya:

Kwanza, simu ya zamani inashindwa kazi gani hasa? Kama ni betri au kioo, muone fundi kwanza.

Pili, hiyo mpya itapata masasisho ya usalama kwa miaka mingapi? Google tangu 2023, na Samsung tangu 2024, wameahidi miaka saba kwa baadhi ya simu zao za juu. Nyingi za bei nafuu hupata muda mfupi zaidi. Simu inayobeba M-Pesa yako isibaki bila ulinzi.

Tatu, kipuri chake kinapatikana hapa mjini?

Nne, ina vifaa unavyovihitaji? Mfano mdogo: programu ya kibla hutegemea dira iliyo ndani ya simu, na simu nyingi za bei ya chini hazina dira hiyo. Nyingine zinayo lakini kava lenye sumaku linaivuruga. Kwa faida yenu, kutoka Eldoret kibla ni kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo, kama digrii 12. Jua linapochomoza liwe kulia kwako na hutapotea sana.

Tano, bei yake yote ni ngapi, siyo bei ya siku?

Kijana mpiga picha wa harusi, au dada anayeuza mabuibui mtandaoni, akijibu maswali haya anaweza kukuta kamera bora ni chombo chake cha kazi. Huyo anunue, na mzazi amsaidie. Mwingine atakuta alichokuwa anataka ni kuonekana nayo siku ya Idd. Huyo naye amejijua, na pesa yake imebaki.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.