NAILONI ZA MAFUTA DUKANI KWETU

(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wana-ushirika. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shamba.)



Jambo langu ni moja. Ni vile vifuko vidogo vya nailoni ambavyo duka letu hufungia mafuta ya kula, chumvi na sukari. Mkutano huu unatakiwa kuamua: duka liendelee navyo au liache.

Mtakumbuka kuwa Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mizigo, Tanzania Bara, kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Wenzetu wa Zanzibar walitangulia mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017. Sisi tuliitikia. Zile Rambo zilitoweka, na vikapu vya ukindu vikarudi sokoni. Akina mama wasukaji ni mashahidi. Lakini nailoni ndogo zilibaki, tena zikaongezeka. Wengine husema hivi ni vifungashio, siyo mifuko ya kubebea. Mimi sikuja kubishana na wanasheria. Ng'ombe hajui tofauti hiyo.

Na hapo kwenye ng'ombe ndipo penye maumivu. Nailoni iliyofungiwa chumvi ikitupwa njiani, mnyama huinusa na kuila. Majani ng'ombe huyacheua, yakasagika. Nailoni haisagiki. Inakaa katika lile tumbo kubwa, inashikamana na nyingine, mwisho ni donge. Mnyama anakosa nafasi ya malisho, anakonda huku anakula, maziwa yanapungua, na unampa dawa ya minyoo bure. Waliowahi kuchinja ng'ombe au mbuzi wa namna hiyo wamekwisha kuona yaliyomo tumboni, sina haja ya kuwahadithia. Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja akimpoteza, ada ya shule imekwenda.

Juzi katika darasa la jioni tulifanya hesabu ubaoni. Tuchukulie kaya 120, kila kaya inachukua vifuko 2 kwa siku. Hivyo ni 240. Zidisha kwa siku 365, unapata 87,600 kwa mwaka. Mzee mmoja aliuliza, vyote hivyo viko wapi? Basi twendeni pale korongoni chini ya kisima, majibu yako pale. Vingine tunavichoma jikoni kuwashia moto, na moshi wake wanauvuta watoto waliokaa karibu na jiko. Hilo jamani tuliache leo leo, halingojei kura.

Sasa yapo maneno ya upande wa pili, nayo ni ya haki. Mtu hana fedha ya lita nzima, ananunua mafuta ya kupikia usiku ule tu. Asidharauliwe. Duka limpimie kiasi kile kile anachotaka, ila alete chombo chake. Wanaosema kubeba chupa dukani ni aibu, nawauliza: soda ya chupa ya kioo tunairudisha kwenye kreti siku zote, nani aliwahi kuona aibu? Tena nailoni siyo ya bure. Duka linainunua mjini, na bei yake imo ndani ya mafuta unayolipia.

Mama mmoja alisema mtoto akitumwa na chupa ya kioo ataivunja. Kweli. Basi mpe ile ya plastiki ya maji ya kunywa, ioshwe na kukaushwa vizuri, itatumika muda mrefu. Hiyo nayo ni plastiki, najua. Hata mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhia mahindi ina nailoni ndani, na sina ugomvi nayo: inazuia dumusi bila dawa, na isipotoboka inarudiwa msimu mwingine. Ugomvi wangu ni na kitu cha kutumia kwa mwendo wa kutoka dukani hadi jikoni, kisha kinabaki miaka na miaka shambani.

Chumvi na sukari zifungwe kwa karatasi kama zamani, au mtu aje na kopo lake. Karatasi za madaftari yaliyokwisha zisitumike, zina wino. Muuza duka anunue karatasi safi za kufungia.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa ukali. Chupa iliyokuwa na dawa ya pamba au ya mboga isiletwe kupimiwa mafuta, hata kama imeoshwa mara kumi. Sumu yake haiishi kwa sabuni. Muuza duka akiitambua aikatae, hata kama mwenye chupa ni mimi Katibu.

Ndugu Mwenyekiti, naomba maswali yaanze upande wa akina mama, maana wao ndio wanunuzi, kisha tupige kura kwa mikono.