Dini Katika Kujengwa kwa Taifa Letu



Leo nataka kuwaeleza habari ya dini na taifa. Walakini sitaanza na vitabu, nitaanza na kisu.

Nilipokuwa mtoto, baba yangu alikuwa katekista katika kigango kimoja upande wa Shinyanga. Kila Krismasi ilipofika mbuzi alichinjwa nyumbani kwetu, lakini si baba aliyemchinja. Asubuhi mapema nilitumwa kwa jirani yetu, mzee Mwislamu, kumwambia, "Shikamoo babu, baba asema mbuzi yuko tayari." Mzee alikuja na kisu chake, akamlaza mbuzi kuelekea kibla, akataja jina la Mungu, akachinja. Mchana yeye na watu wa nyumba yake walikula pamoja nasi. Hapakuwa na amri ya serikali iliyomlazimisha baba kufanya hivyo. Hakutaka tu jirani yake akae na njaa siku ambayo yeye anafurahi. Na Idi ilipowadia, sahani ya wali na nyama ilivuka ua ikaja kwetu.

Basi, mwezi wa Februari mwaka 2013, kule Buseresere katika mkoa wa Geita, kisu cha namna hiyo hiyo kiligeuka kuwa jambo la ugomvi. Watu walibishana juu ya nyama ya kuuzwa buchani: je, kuchinja ni kazi ya Waislamu peke yao, kama desturi ilivyokuwa, au Wakristo nao wana haki ya kuchinja na kuuza? Maneno yakazaa ghasia, ghasia ikamwaga damu, na tarehe 11 ya mwezi ule mchungaji mmoja akauawa. Waliopigana hawakuwa maadui waliotoka mbali. Walikuwa watu wa soko moja.

Tangu siku ile nimejiuliza mara nyingi: Je, dini yajenga taifa au yalibomoa? Nami naona kwamba jibu halimo katika dini yenyewe. Limo katika mahali tunapoiweka. Tutazame mambo yaliyokwisha kutokea, maana asiyejua alikotoka hajui aendako.

Kwanza tuvuke ziwa kwa mawazo, twende Buganda. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga aliondolewa katika kiti chake, na Waislamu na Wakristo waliomwondoa pamoja hawakukawia kugeukiana wao kwa wao. Mwanga alikimbilia kusini, huku kwetu Usukumani. Alifika Magu kwa Waarabu, kisha akapokewa Bukumbi na mapadre, yeye ambaye miaka michache nyuma alikuwa amewaua Wakristo wa nchi yake. Mwaka 1889 Wakristo walimsaidia kurudi. Je, amani ilikuja? La. Tarehe 24 Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti, wasomao Injili moja, walipigana vita Mengo, na Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza alikuwa amewapa Waprotestanti bunduki. Baada ya vita, vyeo na majimbo viligawanywa kwa kufuata dini ya mtu. Kovu lile halikufutika upesi. Hata Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, chama kimoja kikubwa cha siasa kilihesabiwa kuwa cha Wakatoliki, na kingine cha Waprotestanti. Hayo ndiyo matunda ya kuifanya dini kuwa ngazi ya kupandia kwenye utawala.

Sasa turudi kwetu. Mwezi wa Julai mwaka 1905, Wamatumbi wa kusini waling'oa mashina ya pamba waliyolazimishwa na Wadachi kulima. Ninyi wakulima wa pamba wa Shinyanga mwaijua kazi ya zao hilo. Fikirini basi kuilima kwa kiboko, na faida kwenda kwa mwingine. Aliyewatia watu moyo ni Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyesema kwamba amepewa maji ya dawa yatakayozuia risasi. Wadachi walimnyonga mwezi wa Agosti mwaka ule ule, lakini vita viliendelea hata mwaka 1907. Jamaa nyingi, ambazo zamani hazikuwa na shauri moja, ziliungana kwa sababu ya imani ile. Huo ulikuwa wema wake mkubwa. Walakini maji hayakuzuia risasi. Wadachi walichoma mashamba na maghala, njaa ikaingia, na waliokufa kwa vita na njaa walihesabiwa na Wadachi wenyewe kuwa kama 75,000. Wako wataalamu wasemao kwamba walifika 250,000 au zaidi. Tujifunze mambo mawili hapo: imani yaweza kuwaunganisha watu ambao hawakuwa kitu kimoja, lakini imani iliyoachwa ifanye kazi ya akili huwagharimu watu maisha yao.

Ilipita karibu miaka 50. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam. Kiongozi wake, Bwana Julius Nyerere, alikuwa mwalimu Mkatoliki kutoka Butiama. Watu waliompokea mjini, wakamfungulia milango ya nyumba zao na kumjulisha kwa wazee, wengi wao walikuwa Waislamu. Bibi Titi Mohamed aliwaita wanawake kwa maelfu wakaingia chamani. Mwalimu aliposafiri mwaka 1955 kwenda kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, alikwenda kwa michango ya watu hao na kwa dua zao. Wala huku kwetu watu hawakulala. Ingawa serikali ya kikoloni ilikataza matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa kwa miaka kadhaa, mwaka 1958 watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya waliloletewa bila ridhaa yao, na maelfu wakaenda mpaka Mwanza kutoa malalamiko yao.

Nisiwafiche neno: umoja ule haukuwa bila manung'uniko. Waislamu wengi walikuwa wameachwa nyuma katika elimu, kwa kuwa shule nyingi zilikuwa za misheni, na mzazi Mwislamu aliogopa kumpeleka mtoto wake mahali ambapo huenda angebadilishwa dini. Mimi nimelelewa katika shule ya misheni, na sioni haya kutoa shukrani zangu. Walakini shukrani isinifumbe macho nisione kwamba mlango niliopitia mimi ulikuwa mwembamba kwa mwenzangu. Taifa changa liliona hivyo pia. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969, serikali ilizichukua shule nyingi za mashirika ya dini, ili watoto wa dini zote wakae dawati moja. Si kila jeraha lilipona kwa sheria ile, na hata leo manung'uniko mengine yapo. Yafaa yasikilizwe kwa adabu, kwa sababu malalamiko yasiyosikilizwa mchana hutafuta njia usiku.

Sasa sheria yasemaje juu ya dini? Katiba ya nchi yetu yasema kwamba Jamhuri haina dini. Wako watu wanaolisikia neno hilo wakaudhika, wakidhani kwamba serikali imemkana Mungu. Sivyo. Maana yake ni kwamba watu wana dini zao, bali serikali haina. Ibara ya 19 yampa kila mtu uhuru wa imani: aweza kuchagua dini, kuibadili, kuihubiri na kuabudu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya kazi za serikali. Tena katika hesabu ya watu, tangu ile ya mwaka 1967, watu hawajaulizwa tena dini zao. Aliye wachache mahali pamoja ni wengi mahali pengine. Basi ngao inayomkinga mwenzako leo ndiyo itakayokukinga wewe kesho. Lakini uhuru una mpaka wake: haki yangu ya kuabudu haipati kuwa ruhusa ya kumtukana wala kumdhuru jirani yangu.

Ninyi wa machimbo ya dhahabu mwalifahamu neno hili kuliko mimi. Katika machimbo madogo ya Geita hukusanyika Wasukuma, Waha, Wahaya, Wakurya na wengineo, Waislamu, Wakristo, na wenye kushika mila za wazee. Mtu anaposhuka katika duara, uhai wake umo mikononi mwa yule aliyeshika kamba juu. Yule wa chini haulizi, "Wewe wasali wapi?" Auliza kama mwenzake ni mwaminifu, na kama kamba ni nzima. Hata kifusi kikiporomoka, wote hukimbilia kuchimba, na kila mmoja humwita Mungu kwa lugha aliyofundishwa. Taifa nalo ni kama duara lile. Sote tumo chini yake kwa zamu, na sote huishika kamba kwa zamu.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, mtu akija kwako na neno la kuwachongea watu wa dini nyingine, mwulize, "Uliliona kwa macho yako?" Pili, palipo na ugomvi wa kweli, kama ule wa kuchinja, wazee wa pande zote wakae chini mapema, kabla vijana hawajashika silaha. Tatu, walimu wenzangu, tuwafundishe watoto historia yote, pamoja na sehemu inayotuumiza sisi wenyewe. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Amani tuliyoikuta iliundwa na watu walioomba kwa namna mbalimbali, wakafanya kazi kwa namna moja.

Mzee yule jirani yetu amekwisha kufariki, na baba yangu alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi lake. Kisu chake kiko kwa mjukuu wake. Krismasi iliyopita nilimtuma mwanangu asubuhi mapema aende kusema kwamba mbuzi yuko tayari. Mjukuu yule alikuja, akachinja, na mchana tukala pamoja.