Maksai wa shemeji na shahada ya uandishi



Juma lililopita nilikuwa nyumbani Misigiri, wilayani Iramba, pale barabara ya kwenda Kiomboi inapoachana na barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Sijatua hata mfuko, mpwa wangu aliyemaliza kidato cha sita akanipokea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Hongera kwa kufaulu."

"Asante. Baba anataka kuuza maksai wake wawili nikasomee uandishi wa habari chuo kikuu. Lakini watu wanasema uandishi ni kipaji, hausomewi. Na wewe mbona hukusoma?"

Swali lilinikaba, maana shemeji yangu alikuwa amekaa pale pale, anasikiliza. Kwa mkulima wa Iramba maksai wawili si fedha tu. Ndio jembe lake. Wakiuzwa, alizeti ya msimu ujao italimwa kwa mkono. Nikaona nisijibu kwa mkato. Nikawasimulia kisa ambacho sipendi kukisimulia.

Nilipoanza kazi hii, barabara ile ilikuwa bado ya vumbi. Siku moja basi likapinduka katika mlima wa Sekenke. Nilifika mapema, nikaandika majina ya marehemu kama nilivyotajiwa na mtu mmoja aliyeshika orodha ya abiria. Sikwenda hospitali wala sikuuliza polisi. Nilikimbilia simu, na habari ikatoka.

Siku ya tatu, mmoja wa "marehemu" wangu akaingia kijijini kwake kwa miguu, akakuta watu wamekaa matanga yake. Kumbe safari ilimshinda, akampa mwenzake tiketi. Na ile familia ya mwenzake, ambayo ndiyo hasa iliyofiwa, ilikuwa inaendelea na shughuli zake, haina habari.

Hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba jina la marehemu halitangazwi kabla ndugu zake hawajaambiwa, wala kwamba orodha ya abiria si orodha ya waliokufa. Chuoni hayo ni masomo ya mwanzo kabisa. Mimi niliyapata kwa machozi ya watu wengine.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kipaji kinatosha. Kipaji humwezesha mtu kuandika vizuri. Hakimwambii wakati wa kunyamaza.

Tena siku hizi si hiari. Kanuni za 2017, zilizotokana na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, zinamtaka mwandishi awe angalau na stashahada. Na pa kusoma papo. Chuo cha Uandishi wa Habari cha Dar es Salaam, kilichoanza 1975, kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Kile cha Nyegezi, Mwanza, kilichofundisha waandishi wengi wa zamani, kilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998.

Lakini sikutaka kumdanganya mtoto. Nilimwambia kwamba shahada si ajira. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa kila habari inayotoka, na nauli hutoka mfukoni mwao. Hapo ndipo bahasha ya mwenye mkutano inapopata mlango. Mwenye njaa hukubali, na kesho yake hawezi tena kumwuliza mtoa bahasha swali gumu.

Kwa hiyo nilimpa masharti matatu. Kwanza, pamoja na uandishi ajifunze vizuri jambo jingine moja, kama sheria, afya au hesabu za serikali, maana anayejua kuandika tu hana cha kuandika. Pili, kila likizo aandike, asingoje cheti. Tatu, ajue mapema ni bahasha ipi atakayoikataa, kwa sababu ikishafika mkononi hakuna nafasi ya kufikiri.

Shemeji alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Basi labda niuze mmoja."

Tukacheka, maana sote tunajua maksai mmoja halimi. Nikamwomba asiuze hata mmoja mpaka binti aombe mkopo wa serikali na majibu yatoke. Ada ya muhula wa kwanza, nikasema, ni juu ya mjomba. Shemeji alidhani ni ukarimu. Mimi najua ni deni la Sekenke.

Asubuhi, nikingoja basi, mpwa wangu aliniletea karatasi. Alikuwa ameandika habari za akina mama wanaouza vitunguu pale njia panda. Sentensi zilikuwa ndefu mno, lakini kila mama alikuwa na jina lake kamili.

"Majina umeyapata kwa nani?" nikamwuliza.

"Kwa wenyewe, mjomba. Mmoja mmoja."

Nikapanda basi nimeridhika.