Presha ya Macho Haingoji



Huku kwetu Garissa mzee akianza kupapasa, watu husema: "Ni mtoto wa jicho huyo. Ngojeni ukungu ukomae, madaktari wa kambi watakuja kuutoa." Mara nyingi ni kweli. Ukungu ukitolewa na lenzi ya plastiki ikiwekwa, mzee anawaona tena wajukuu. Lakini kuna ugonjwa mwingine, glakoma, au presha ya macho kama wengi wanavyoiita. Huo kwa kawaida hauumi, na kile ulichokwisha kula haukirudishi.

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa kila siku na kutoka kwa vijia vidogo. Vijia vikiziba, presha hupanda, mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unaanza kufa. Mtu anapoteza kwanza kuona pembeni. Anagonga mlango, anampita mbuzi aliye kando, na bado anaitambua sura yako ukisimama mbele yake. Basi anasema yeye haumwi.

Matone yapo na yanasaidia. Lakini niambieni, mchungaji aliye mbali na ngamia atapata wapi chupa mpya kila mwezi? (Na yale matone ya steroidi yanayonunuliwa dukani kutuliza mwasho, bila daktari, jamani, yenyewe yanaweza kupandisha presha.)

Ndiyo maana nilifurahi kusoma habari za Moshi, Tanzania. Katika hospitali ya KCMC wagonjwa 201 waligawanywa: wengine matone ya timololi, wengine mwanga wa leza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja presha ilikuwa imetulia katika macho 61 kwa kila 100 yaliyopigwa leza, na 31 kwa kila 100 ya matone. Leza hii haina kisu. Unakaa mbele ya mashine, jicho linatiwa ganzi, dakika chache, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wengine walirudiwa, na lazima kuendelea kupimwa, kwa sababu nguvu yake hupungua.

Na mwenye magonjwa yote mawili? Hapo daktari aamue. Kuna glakoma ambayo lenzi iliyonenepa imebana njia ya maji, na kuitoa kunaweza kuifungua. Lakini mshipa ukishakufa, kutoa mtoto wa jicho hakuleti mwanga. Familia ielezwe hivyo kabla haijauza ng'ombe.

Kwa hiyo msiweke pesa za upasuaji tu. Wekeni pia nauli ya kupimwa, pamoja na ya yule atakayemshika mgonjwa mkono. Mkifika hospitali kuu ya Garissa, ombeni presha ipimwe na mshipa uangaliwe, si kusoma herufi za ukutani peke yake. Ulizeni leza inapatikana wapi, kabla ya kukata tikiti ya Nairobi. Na mmoja akipatikana nayo, wapelekeni ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wakubwa, maana ugonjwa huu hutembea katika ukoo.