Mzee Amestaafu: Je, Anahitaji Bima Nyingine Juu ya SHA?



Mara nyingi katika kipindi hiki tumezungumza juu ya watoto. Leo tumgeukie mzee. Nina maana ya yule aliyekuwa mwalimu, muuguzi, chifu, askari au karani wa serikali, aliyefikisha miaka 60 akastaafu, na sasa yuko nyumbani na pensheni yake. Akiugua, ugonjwa wake unakuja mlangoni kwako. Wewe ndiwe unayejua dawa yake ya presha itakwisha lini, na ndiwe utakayetafuta gari usiku. Kwa hiyo siku wakala wa bima atakapofika na karatasi zake za rangi, mzee atakutazama wewe na kuuliza, "Mama, hii tuichukue?"

Kabla ya kumjibu, tuitazame kwanza bima ya serikali aliyo nayo. Wazee wetu wengi walikatwa mshahara kwa miaka mingi kwa ajili ya NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966. NHIF haipo tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake inafanywa na SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kadi ya zamani ya mzee, hata kama aliichangia kwa miaka 30, haitamlaza hospitali. Ni lazima asajiliwe upya, kwa kupiga *147# kwenye simu au kwa kusaidiwa na mhudumu wa afya wa jamii au karani wa SHA hospitalini.

Mama, hapa pana jambo linalowakwaza wengi. Kusajiliwa ni kitu kimoja, kulipa ni kingine. Aliyesajiliwa tu anaweza kutibiwa katika zahanati na vituo vya afya vya serikali, daraja la 2 na la 3, bila kuchanga. Lakini kulazwa katika hospitali kubwa, upasuaji, au kusafishwa damu kwa mashine kwa mgonjwa wa figo, hayo yanataka mchango uwe umelipwa. Mzee alipokuwa kazini, mwajiri alimkata mshahara na kupeleka. Sasa hakuna mshahara wa kukatwa. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba yake na mali yake, kisha hupangiwa kiasi cha kulipa kwa mwaka mzima. Kiasi cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Usidhani yanaendelea yenyewe. Piga *147# leo pamoja na mzee muone kama amelipiwa, na mwisho wake ni lini.

Na jambo la pili. Pengine wewe mwenyewe umeajiriwa, na kila mwezi unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA. Makato hayo yanakufunika wewe, mume wako na watoto wenu. Hayamfuniki baba yako wala mama mkwe wako. Wazee ni nyumba nyingine, nao wanalipiwa mchango wao. Ikiwa mzee wenu ni katika wale wasiojiweza kabisa, muulize chifu au mhudumu wa afya wa jamii kama amo katika orodha ya wale wanaolipiwa na serikali, kwa maana mwaka 2025 mpango wa namna hiyo ulianzishwa.

Mimi naona hivi: mzee ambaye SHA yake haijalipwa asinunue bima nyingine yoyote. Bima ya nyongeza ni kama bati la pili juu ya nyumba. Kama la kwanza halijapigiliwa, la pili utalipigilia wapi?

Basi tuseme SHA ya mzee iko sawa. Imebakiza mapengo gani?

Pengo la kwanza ni la kutibiwa na kurudi nyumbani. Huduma hiyo SHA huilipia hasa katika zahanati na vituo vya afya. Mzee wa presha na sukari akienda kumwona daktari bingwa, akaandikiwa dawa ambazo duka la dawa la hospitali halina, fedha zinatoka mfukoni. Pengo la pili ni kikomo. SHA hulipa kiasi kilichopangwa kwa kila huduma. Kwa mfano, katika viwango vilivyotangazwa mwaka 2024, kitanda katika hospitali ya daraja la 4 kililipiwa shilingi 3,360 kwa siku, na kusafishwa damu shilingi 10,650 kwa kila mara. Hospitali ya serikali huenda ikatosheka na kiasi hicho. Hospitali ya binafsi inaweza kutaka zaidi, na hiyo ziada ni yako.

Pengo la tatu ndilo letu sisi watu wa Turkana, na wakala aliyetoka Nairobi huwa halitaji: njia. Kutoka Kakuma hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti pale Lodwar ni kilomita 120 hivi. Daktari wa Lodwar akiandika barua ya kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, mbele yako kuna zaidi ya kilomita 300 nyingine, kupitia Lokichar, Kainuk na Kapenguria. Mzee aliyepigwa na kiharusi hawezi kukaa kwenye kiti cha basi. Nani atalipa gari la wagonjwa na mafuta yake? Na wewe unayemsindikiza utalala wapi, utakula nini?

Sasa mwache wakala akae, mpe maji ya kunywa, kisha umuulize. Usimuulize kwanza bei. Muulize: kadi hii inakubaliwa hospitali gani hapa Turkana? Akutajie majina. Je, Lodwar wanaipokea? Hospitali ya Misheni ya Kakuma je? Akikuonyesha orodha ndefu ya hospitali za Nairobi, Kisumu na Mombasa, mwambie mzee haishi huko. Wala usitosheke na maneno yake. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya malipo ya hospitali, uwaonyeshe jina la kampuni, uulize, "Mgonjwa akija na kadi hii leo, mtamtibu bila kudai fedha taslimu?" Karani wa malipo hana haja ya kukuuzia kitu.

Halafu muulize juu ya umri. Kampuni nyingi huweka umri wa mwisho wa kumpokea mteja mpya, na umri mwingine ambao wakifika humtoa. Mzee anaweza kuingia leo akiwa na miaka 62, akalipa kila mwaka bila kuugua, kisha akaachwa nje wakati mifupa imechoka kweli. Uliza: mtamshika mpaka miaka mingapi? Na malipo yatapanda vipi kila anapoongeza miaka?

Baada ya hapo uliza juu ya ugonjwa alio nao tayari, na hapa ndipo familia nyingi huumia. Mzee ana presha tangu akiwa kazini. Kampuni nyingi huweka muda wa kungoja, mara nyingi mwaka mmoja, kabla ya kulipia ugonjwa uliokuwako kabla ya kununua bima. Nyingine huulipia kwa kiasi kidogo tu. Basi wengine husema, "Tusiandike presha kwenye fomu, hawatajua." Mama, usikubali. Siku ya kulazwa daktari ataandika kwenye faili kwamba mgonjwa ana presha ya miaka 10, na kampuni ina haki ya kukataa kulipa kwa sababu fomu ilisema uongo. Mtakuwa mmepoteza fedha zote mlizolipa, na mzee yuko kitandani. Andikeni kila ugonjwa na kila dawa, kisha ombeni jibu la maandishi: huu utalipiwa lini, kwa kiasi gani?

Ukishapata majibu, fanya hesabu. Tuseme kampuni inataka shilingi 40,000 kwa mwaka, na mbuzi mmoja sokoni ni shilingi 5,000. Hao ni mbuzi wanane kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Sasa tazama risiti za mwaka uliopita. Dawa za mzee ziligharimu kiasi gani? Alilazwa mara ngapi? Kama matumizi yote yalikuwa shilingi 15,000, na bima hiyo haitaugusa ugonjwa wake mpaka mwaka upite, pengine ni heri mbuzi wabaki zizini, na familia iweke akiba ya ugonjwa kwenye chama au Sacco. Lakini kama watoto wako watatu kazini na wanaweza kuchangia, na hospitali ya karibu inaikubali kadi, bima ya kulazwa peke yake, bila ile ya kutibiwa na kurudi, mara nyingi huwa nafuu kuliko ile kamili, na ndiyo inayozuia familia kuuza mifugo yote kwa ugonjwa mmoja.

Kwa lile pengo la njia, kuna kitu cha namna nyingine. Madaktari wa ndege wa AMREF, ambao huduma yao ilianza mwaka 1957, huuza uanachama wa mwaka unaoitwa Maisha. Huo si bima ya matibabu. Hautalipa kitanda wala dawa. Unalipia kumchukua mgonjwa mahututi na kumfikisha hospitali inayoweza kumtibu. Lodwar na Kakuma zote zina viwanja vya ndege, kwa hiyo kwetu ni jambo la kufikiria. Uliza kama mzee wa umri wake anakubaliwa, ni dharura zipi zinazohesabiwa, na kama ndege huruka usiku kutoka kiwanja chenu.

Mama mkimbizi wa Kakuma au Kalobeyei, najua mzee wako hana pensheni ya serikali hii. Hata hivyo maswali haya ni yako pia siku mtu atakapokuja kukuuzia kadi.

Tukifika kwenye kulipa: lipa kwa nambari ya kampuni, kamwe si kwa simu ya wakala. Kila kampuni ya bima na kila wakala hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ile inayoitwa IRA, na ndiko malalamiko hupelekwa kampuni ikikataa kulipa bila sababu. Asiyeweza kuonyesha leseni ya mwaka huu, mpe kwaheri ya heshima.

Na wewe uliye bado kazini, usingoje kufika miaka 60. Bima nzuri ya mwajiri huisha pamoja na ajira. Walimu, kwa mfano, tangu Desemba 2025 matibabu yao yako chini ya SHA katika mpango wa watumishi wa umma, lakini mpango huo ni wa walio kazini. Muulize mwajiri wako kama mfuko wenu wa pensheni una akiba ya matibabu ya baada ya kustaafu. Tangu mwisho wa mwaka 2024 sheria inaruhusu kuweka humo hadi shilingi 15,000 kwa mwezi bila kutozwa kodi. Hata ukiweka 500, ni zako.

Kabla hatujaagana, tafuta mfuko mmoja wa plastiki usiopitisha maji. Weka humo nakala ya kitambulisho cha mzee, nambari yake ya SHA, risiti ya malipo, orodha ya dawa zake, na kadi ya bima nyingine kama mmenunua. Hakikisha simu iliyosajiliwa SHA ni ile inayopatikana, si ya mjukuu aliyehamia Nairobi. Na kama alama za vidole vya mzee zimefutika kwa kazi, mwulize karani wa SHA mapema atatambuliwa kwa njia gani, wakati mzee angali anatembea kwa miguu yake.

Kwaheri mama, tusikilizane wiki ijayo.